Orodha ya Bi Zuwena na Kompyuta ya Milango Miwili

Nianze kwa kukiri, maana wengi wenu mmeisikia nusu nusu na kila mmoja ametia chumvi yake: ni kweli, mimi ndiye yule kijana aliyewasomea watu hitma wakiwa hai. Kuna nyumba pale Al Baraha, hapa hapa Dubai, nikiingia mpaka leo, wazee wanajishika kifua kwanza kuhakikisha bado wanapumua, halafu ndipo wanaitikia salamu. Sikukusudia. Nilikuwa nataka tu kuongeza nafasi kwenye kompyuta.

Mnijue kwanza nilivyo, ili mjue ugonjwa ulianzia wapi. Mimi siwezi kutulia. Nikisikia bawaba ya mlango inalia nitaitafutia mafuta hata kama mlango si wangu, na nikiona simu ya mtu ina nukta nyekundu ya ujumbe usiosomwa vidole vinaniwasha. Kazi yangu ni karani wa ghala kule Al Qusais, naandika kilichoingia na kilichotoka, basi, lakini kwa sababu niliwahi kusoma kozi ya kompyuta ya miezi mitatu Tanga (cheti ninacho, mende wamekula kona moja tu), na kwa sababu niliwahi kumrudishia mpishi mmoja wa Kiganda picha zake zilizofutika, Waswahili wa huku wakaanza kuniita Injinia, na mimi badala ya kukataa nikawa naitika. Ukishaitika jina kama hilo, ndugu yangu, umekwisha.

Sasa Bi Zuwena. Huyu ni mama wa Kiunguja aliyekaa Dubai tangu mimi sijazaliwa. Tulijuana mwaka wangu wa kwanza, nilipokuwa bado mpakiaji, tukampelekea friji siku ambayo lifti ya jengo lao imekufa, tukalipandisha kwa ngazi mpaka ghorofa ya tatu, na pale kwenye kona ya mwisho kidole changu kikabanwa nikapiga kelele, "Mama yangu wee!" Mlango ukafunguliwa kwa nguvu. "Nani huyo anomlilia mama'ke kwa Kiswahili?" Wenzangu wa Kibangla wakaondoka na gari, mimi nikabakizwa, nikalishwa, nikafungwa kidole kwa kitambaa, na tangu siku ile Ijumaa zangu nyingi nazila pale.

Mwaka mmoja kabla ya kisa hiki baba yangu alifariki Handeni. Nikaomba ruhusa, arbab, yaani tajiri wangu, akasema huu ni msimu wa mizigo, inshallah mwezi ujao, na nyie mnaijua ile inshallah ya arbab. Baba akazikwa Alhamisi mimi nikihesabu maboksi ya viyoyozi. Iliniuma, na inaniuma hata sasa ninapowasimulia. Sikumshika mkono, sikumtupia mchanga, hata hitma yake nilisikilizishwa kwa simu ikakatika katikati. Bi Zuwena alipojua alinitazama sana, akasema, "Nyamaza mwanangu. Shaabani ikifika lete jina la baba'ko, tutamsomea pamoja na wetu."

Maana kila mwezi wa Shaabani, kabla Ramadhani haijaingia, katika nyumba ile husomwa hitma ya marehemu wa ukoo. Watu wanakuja kutoka Sharjah, kutoka Ajman, juzuu zinagawiwa, Kurani inasomwa yote, halafu shehe anayataja majina ya marehemu mmoja mmoja na kuwaombea, na ole wenu jina lirukwe, watu wake watanuna mpaka Idi. Majina yenyewe alikuwa anayashika Mzee Hilal, mume wa Bi Zuwena, na alikuwa ameyaandika kwenye kompyuta. Mzee Hilal mwenyewe akafariki kabla ya mwaka kuisha. Kwa hiyo Shaabani ile ilikuwa ya kwanza kwake kuwamo kwenye orodha badala ya kuwa nayo mkononi, na ya kwanza kwa baba yangu.

Kompyuta ile ilikuwa ya mjukuu wao Munir, aliyekwenda kusoma Malaysia na kuiacha. Alikuwa ameigawa ndani nyumba mbili, Windows upande wa babu yake na Linux upande wake mwenyewe, kwa hiyo ukiiwasha inakusimamisha mlangoni na kukuuliza unaingia wapi. Mzee Hilal alikuwa amefundishwa kushuka mshale mara moja na kubonyeza, na alifanya hivyo miaka yote bila kuuliza huo mlango wa juu ni wa nani.

Jumatano, nimetoka kazini, nikaenda. Bi Zuwena akaniomba kitu kimoja tu. "Rajabu, nitolee ile orodha kwenye karatasi. Mzee ndo alokuwa akiyajua yote, mie nusu yanantoka. Na baba'ko muweke." Faili lilikuwa pale pale mbele ya skrini, limeandikwa Majina. Printa nyumbani hawana. Ningechomeka flashi, ningelikopi, ningekunywa chai, ningekwenda kuliprinti ghalani. Dakika tano. Mtoto wa darasa la tatu angeweza.

Lakini pembeni nikauona ule mstari mwekundu: diski imejaa.

Hebu fikirini, mtu mzima kapewa chumba kimoja kimejaa mpaka dari, na mjukuu aliyeko Malaysia kajichukulia nusu ya nyumba na haishi ndani! Roho ikaniuma kama vile ninadhulumiwa mimi. Nikasema, ngoja nimpunguzie Munir kidogo nimwongezee Bibi. Hiyo ndiyo inaitwa kubadilisha ukubwa wa partisheni, unashika mpaka kwa mausi unausogeza, kama watu wanaogombea shamba. Nikausogeza. Kompyuta ikaniuliza kama nimeshaweka nakala ya vitu vyote mahali pengine. Nikabonyeza ndiyo. (Sote tunabonyeza ndiyo, msinitazame hivyo.) Ikazimika, ikawaka, ikaanza kuhamisha vitu yenyewe, asilimia tatu, asilimia tano, nami nikahamia kwenye chai.

Kitu nilichosahau ni kwamba betri ya ile kompyuta ilikufa zamani, inaishi kwa waya tu. Na kitu ambacho Salha, binti yake Bi Zuwena, hakukijua ni kwamba kuna kazi inaendelea, maana skrini ilikuwa nyeusi ina mstari unaotambaa tu. Jioni ile alikuwa anataka kufukiza udi sebuleni. Chetezo chao ni cha umeme. Soketi ya karibu ilikuwa moja.

Nilisikia harufu nzuri ya udi kwanza, ndipo nikageuka nikaona waya wa kompyuta umelala chini.

Niliurudisha haraka hata Salha akashtuka. Nikaiwasha. Ile kuniuliza mlango gani haikuniuliza. Ilileta skrini nyeusi, mstari wa Kiingereza unaosema kitu inachokitafuta hakijulikani kilipo, chini yake 'grub rescue' na kistari kinapepesa, kinapepesa, kinanisubiri mimi niseme neno. Nikazima, nikawasha, vilevile. Jasho likanitoka chini ya kiyoyozi. Kwa lugha nyepesi, milango yote miwili ilikuwa haipo, na vitu vya Mzee Hilal vilikuwa nusu hapa nusu kule, kama mizigo ya mtu anayehama ambaye gari limemharibikia njiani.

Bi Zuwena akaja na tasbihi yake. "Vipi, mbona kiza?"

Hapa ndipo mtu mwenye akili angesema, Bi, nimeharibu. Mimi nikasema, "Inafanya apdeti, Bi. Hizi zikianza huwa zinachukua muda. Naondoka nayo, Ijumaa nitakuja nayo na karatasi."

"Haya. Lakini nioneshe kabla hajasoma shehe," akasema. Nikaitika. Nilikuwa naitika kila kitu siku hizo.

Kwenye metro niliipakata ile kompyuta kama mtoto mwenye homa, natikisa mguu mpaka dada wa Kifilipino aliyekaa pembeni akahama kiti. Chumbani nikamkuta Otieno, Mkenya ninayelala naye chumba kimoja, nikamweleza. Akacheka mpaka akakaa chini. "Buda, si umwambie tu huyo mathe ukweli? Mbona ujitese?" Nikamwambia haelewi. Ningemwambiaje mama aliyefiwa na mumewe kwamba maandishi ya mumewe nimeyafuta ili kumwongezea nafasi ambayo hakuiomba? Na lile jina la baba yangu nitalipeleka kwa mdomo gani? Otieno akaninyooshea diski yake ya nje iliyojaa sinema, akasema nifute nitakazo nipate pa kuweka nitakachookoa.

Alhamisi nilikwenda nayo kazini, nikaiweka chini ya meza ya ofisi ya ghala, nikaiwasha kwa flashi na kuweka programu ya kuokoa mafaili. Programu hii ni nzuri ila ina tabia moja: inakurudishia vitu bila majina yake. Picha, barua, risiti, vyote vinakuja vimeandikwa namba tu. Nilikuwa naandika mzigo mstari mmoja, nainama chini ya meza, naandika mstari wa pili, nainama, mpaka supavaiza akauliza, "Rajab, what is there? Cat?" Nikasema, "Yes sir, cat," na ikabidi nimtolee maziwa paka asiyekuwepo.

Mpaka Ijumaa asubuhi nilikuwa na mafaili zaidi ya elfu tatu yasiyo na jina. Nikaanza kufungua moja moja. Bili ya maji. Picha ya paspoti ya Salha. Mapishi ya haluwa. Picha ya paspoti ya Salha tena. Saa zinakwenda, Alasiri inakuja, miguu haitulii, na ndipo nikafungua faili moja nikaona juu imeandikwa kwa herufi kubwa, HITMA YA SHAABANI, na chini yake majina, marefu, ya kiungwana, fulani bin fulani, na mbele ya kila jina namba. Niliruka mpaka nikagonga kichwa kwenye rafu. Hiyo hapo! Alhamdulillahi! Ile programu iliendelea kutafuta, nikaizima. Khalas, imekwisha, nini tena?

Jina la Mzee Hilal halikuwemo. Nikasema, ni wazi, yeye ndiye aliyeandika, na alipoandika alikuwa hai. Nikamweka juu kabisa kwa heshima. Baba yangu nikamweka chini kabisa, Omari bin Mhando, kama mgeni anayekaa karibu na mlango. Zile namba nazo nikazitafakari kidogo, tatu, mbili, tano, nne, nikahitimisha kwamba ni idadi ya Fatiha za kila mtu kwa kadiri ya ukubwa wake katika ukoo. Kwa hiyo Mzee Hilal nikampa saba, mwenye nyumba. Baba nikampa mbili. Nikaprinti pale ghalani, nikarudi chumbani nikaoga, nikavaa kanzu, nikakimbia.

Nilifika nimechelewa. Mlangoni viatu vimejaa mpaka kwenye ngazi. Wanaume wamejaa sebuleni, wanawake wako chumba cha ndani, pazia katikati, na kusoma kumekwisha, mtu anapita na mrashi anawanyunyizia watu marashi. Ile ahadi ya kumwonesha Bi Zuwena kwanza iliishia hapo, maana yeye yuko nyuma ya pazia na shehe ameshanyoosha mkono. Shehe alikuwa mgeni, kaletwa kutoka Sharjah, hamjui mtu hata mmoja. Akavaa miwani.

"Na hizi namba, kijana?"

"Ni Fatiha, shehe. Idadi yake."

"Mashallah. Kazi safi," akasema, na mimi, Mungu anisamehe, nikavimba kichwa.

Akaanza. Marehemu Hilal, saba. Nyuma ya pazia nikasikia kilio cha chini. Marehemu Suleiman bin Mbarak, tatu. Watu wakaitikia, wazee wakatikisa vichwa, wanamkumbuka. Marehemu Said bin Masoud, mbili. Vivyo hivyo. Wanne, watano wa mwanzo walikwenda vizuri kabisa, na mimi nimekaa karibu na mlango namsubiri baba yangu, nahesabu mistari, najisemea kumbe hata kompyuta ikivunjika ukiwa na moyo thabiti utafika.

"Marehemu Salum bin Rashid, tano."

Bwana mmoja mbele yangu akamgeukia mwenzake, "Salum wa Maskati? Kafa lini?" Mwenzake akasema hajui, akatoa simu. Na mwingine akatoa simu. Mnajua watu wetu walivyo na simu, kabla Fatiha ya tano haijaisha nusu ya sebule ilikuwa imeshaandika Inna lillahi kwenye kundi la ukoo. Nikajiambia, labda amekufa kweli, watu hufa.

"Marehemu Nassor bin Khalfan, nne."

Nyuma ya pazia ikatoka sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. "Nassoooor!" Alikuwa Bi Moza, mke wa Mzee Nassor, aliyekuja na mumewe kwa gari moja, akaachana naye mlangoni saa moja iliyopita, na sasa anasikia upande wa pili shehe anamwombea marehemu. Wanawake wote wakapokea kilio. Upande wetu watu wakageuka kutazama mahali alipokuwa amekaa Mzee Nassor. Palikuwa patupu. Kofia yake tu, iko juu ya mto.

Sasa nyie wenyewe, kofia juu ya mto na mtu hayupo, mngefikiri nini? Kuna jamaa alishaanza kuvua saa yake, tayari kwa kubeba. Shehe anasoma tena ile karatasi, anaisogeza mbali, anaisogeza karibu. Na hapo mlango wa choo ukafunguka, akatoka Mzee Nassor, mikono ya kanzu imekunjwa, ndevu zinachuruzika maji, alikuwa amekwenda kutia udhu upya. Akaona watu wamesimama, akasikia kilio.

"Inna lillahi! Nani kafa?"

Mtu mzima utamwambiaje kwamba ni yeye?

Pazia likafunguka, Bi Moza akamrukia na kumshikashika mabega na uso. "U mzima?"

"Mzima! Kwani nna nini?"

"Umesomewa!"

"Nimesomewa n'nini?"

Ikalia simu ya yule bwana wa mbele yangu, akaipokea, na kwa kuchanganyikiwa akabonyeza spika, sauti ikajaa sebule nzima: "Hebu nambieni, nani kanifisha? Mie niko kwa kinyozi hapa Maskati, simu haitulii, kinyozi mwenyewe kaniogopa!"

Bi Zuwena alitoka pole pole. Akaichukua karatasi mikononi mwa shehe, akaisoma kutoka juu mpaka chini. Nilikuwa natamani sakafu ipasuke, lakini chini yetu alikuwa anaishi Mpakistani na familia yake.

"Hii orodha ya waalikwa," akasema. "Ya hitma ya miaka ile, Munir angali skuli. Mzee alikuwa akiwapanga kwa umri, wakubwa juu, na hao wa juu ndo waloshakufa. Na hizi," akagonga namba kwa kidole, "sahani za biriani."

"Nne," akasema Mzee Nassor, bado anadondoka maji. "Mie na Moza na watoto wawili. Sawa sawa kabisa."

Kuna mtu alicheka puani. Bi Zuwena hakucheka. Aliniita jina langu, na si Injinia, Rajabu, akaniuliza orodha yenyewe iko wapi. Nikasimama mbele ya watu wale wote na kanzu yangu mpya nikasema kila kitu, mstari mwekundu, kusogeza mpaka, chetezo, uongo wa apdeti (Salha akajishika mdomo, masikini, alidhani kosa lake), mafaili elfu tatu, na kwamba orodha labda imo humo na labda haimo tena, sijui.

Alikaa chini kwenye mkeka wa wanaume, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. "Mzee ndo alokuwa akiyajua," akasema, taratibu, si kwangu, wala si kwa mtu. Basi. Angenitukana ningepata nafuu. Mimi nililia ndani kwa ndani, kwa sababu nilijua maumivu ya kukosa kumsomea mtu wako, na nilikuwa nimeyachukua yangu nikayagawa kwa ukoo mzima.

Nikarudi nyuma hatua moja, mbili, mpaka mlangoni, nikainama kutafuta kandambili zangu nitoroke. Viatu vilikuwa vimevurugika, nikapata mguu mmoja, wa pili sioni, nafukua viatu vya watu kama kuku. Nyuma yangu nikamsikia Mzee Nassor anakohoa.

"Haya, tusikae kama tumefiwa. Babu zangu mie nawajua. Salha, leta daftari. Andika: Khalfan bin Nassor. Mama'ngu, Bi Zeyana binti Ali."

Akafuata mwingine. Bi Moza akataja wa kwake watano kwa pumzi moja. Yule wa Maskati, bado yuko kwenye spika, akataja wa kwake kinyozi akisubiri. Kutoka ndani wanawake wakawa wanapaza sauti, "Na Bi Ruzuna, jamani, aliyelea watoto wa watu wote! Kwani yeye hata hiyo orodha ya mzee alikuwemo?" "Hakuwemo, na hilo nalikumbuka," Bi Zuwena akasema, akainua uso kidogo. Na alipoinua uso na yeye akaanza, kwanza jina moja, halafu mawili, halafu Salha akawa hawezi kuandika haraka vya kutosha.

"Injinia!" Nikaganda na kandambili moja mkononi. Mzee Nassor alikuwa ameshika ile karatasi yangu. "Unakwenda wapi na mguu mmoja? Njoo. Huyu wa chini kabisa nani? Omari bin Mhando, mbili. Hana mtu hapa anayemjua."

"Ni baba yangu, mzee."

"Naye mzima kama mie?"

"Hapana, mzee. Huyo amekufa kweli."

Akanipigia mto kwa kiganja, pale pale kwenye kofia yake, nikae. "Shehe," akasema, "mie hizi Fatiha nne nilizopewa sina kazi nazo leo. Mpe huyu. Na tuanze naye yeye, keshasubiri sana chini huko."

Sebule nzima ikanyanyua mikono kwa baba yangu, mkulima wa Handeni ambaye hakuwahi kupanda ndege, na nyuma ya pazia nikasikia sauti za wanawake ambao hawajui hata sura yake. Nikalia, safari hii kwa sauti, na sikuona aibu hata kidogo, aibu yangu ya siku ile ilikuwa imeshakwisha yote.

Tulimaliza majina adhana ya Magharibi ikiadhiniwa. Biriani ilikuwa imepoa, ikaliwa vivyo hivyo. Kompyuta niliisafisha yote baadaye, sasa ina mlango mmoja tu (Munir nilipompigia kumwomba radhi akasema, "Kaka, upande wangu ulikuwa mtupu, nilikuwa najifunzia tu," na nikakaa na simu yangu nikiwa sijui nicheke au nijipige). Orodha ya kweli niliiona wiki mbili baadaye kwenye diski ya Otieno, faili la elfu mbili na mia kadhaa. Nikalilinganisha na daftari la Salha: daftari lilikuwa na majina kumi na moja zaidi. Bi Zuwena alisema liprintiwe liwekwe ndani ya daftari, na kwamba kuanzia sasa daftari ndilo kubwa.

Kwa hiyo nyie mnaonileteaga kompyuta zenu na kusema Injinia, inajaa, niongezee, jibu langu ni hili: ishini na mstari wenu mwekundu. Sisogezi mpaka wa mtu tena. Nikiombwa karatasi nitatoa karatasi, na nikiulizwa kama nina nakala sitabonyeza ndiyo mpaka nimeishika kwa mkono. Na nikiharibu nitasema nimeharibu, siku ile ile, kabla chai haijapoa.

Kazi ya orodha lakini nimeachiwa, ndiyo adhabu yangu, kila Shaabani naandika mbili, ya marehemu na ya waalikwa, na huwa zinanitisha kidogo nikiziweka pamoja, maana kila mwaka kuna jina moja au mawili nayatoa huku nayaweka kule. Mzee Nassor analijua hilo. Wiki moja kabla ya hitma hunipigia simu, hata salamu hasubiri.

"Rajabu, mwaka huu nimo ipi?"

"Ya biriani, mzee."

"Alhamdulillahi. Basi niandikie nne."

Watoto wake wawili wameshahamia Uingereza, na sahani mbili zinawatosha yeye na Bi Moza. Mimi naandika nne.